Kavira Akimbia Mpaka Beni

Asubuhi ya kwanza Kavira alipotoka kufanya mazoezi, aliwahamisha watu wa nusu ya mtaa.

Hakukusudia. Alikuwa fundi wa kushona, mwanamke wa miaka thelathini na mmoja mwenye kibanda karibu na soko la Butembo, na tangu utoto kazi yake ilikuwa kukaa: kukaa shuleni, kukaa misani, kukaa mbele ya mashini. Siku hiyo alijifunga kitambaa kichwani, akavaa viatu vya mtumba na suruali ya kaka yake, akaishika barabara ya kwenda Beni kwa mbio. Ilikuwa mwezi wa pili, mwaka 2003. Mji ulikuwa mikononi mwa waasi, misitu mikononi mwa wanamgambo wa Mai-Mai, na kwa miaka mitano watu wa Butembo walikuwa na desturi moja: ukiona mtu anakimbia, unakimbia naye kwanza, maswali yatafuata mkishafika mbali.

Mama mmoja aliyekuwa akifagia uwanja alimwona Kavira anapita. Akatupa ufagio, akabeba sufuria ya uji, akamfuata. Jirani yake alimwona mama na sufuria. Yeye akabeba godoro. Mwenye godoro alionekana na mwenye mbuzi, na mwenye mbuzi alionekana na watu wote waliokuwa wakinunua mkate.

Kavira alisikia vishindo nyuma yake. Akageuka, akaona watu wasiopungua arobaini wanamjia kwa kasi, macho yamewatoka. "Mungu wangu," akajiambia, "vita imefika!" Akaongeza mwendo. Nao walipomwona ameongeza, wakaongeza. Hivyo ndivyo walivyopanda kilima kizima, yeye akiwakimbia wao na wao wakimfuata yeye, mpaka pumzi ikamwishia akaanguka kwenye majani kando ya barabara.

"Beko wapi?" mwenye godoro aliuliza, akihema.

"Banani?" Kavira aliuliza.

"Basoda, benye bunduki!" akamjibu.

"Mi sijue! Ni ninyi muliona."

"Sisi tuliona nini? Ni weye ulikimbia wa kwanza!"

"Lakini mi niko nafanya sport!" Kavira alilia.

Mbuzi aliinama akaanza kula majani. Kisha yule mama wa sufuria akatazama uji wake, ambao nusu yake ulikuwa kwenye kanga na nusu barabarani, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini. Mwenye godoro akalitandika, akalala juu yake, naye akacheka. Arobaini wote walicheka kama watu waliookoka, na kwa kweli ndivyo walivyojiona.

Maana mambo yalikuwa hivi. Barabara ya Butembo na Beni ilikuwa imefungwa mara nyingi kwa vizuizi vya kila aina ya mwenye bunduki. Sasa yalikuwepo mapatano, na parokia moja pamoja na wasafirishaji, Wakristo na Waislamu, walikuwa wametangaza mbio za kuifungua barabara: kutoka Butembo mpaka Beni, kilometa hamsini na nne, mwezi wa saba. Siku ya tangazo, uwanjani baada ya misa, Edmond, mume wa dada yake Kavira, alicheka mbele ya watu.

"Banawake banaweza kujiandikisha pia? Ona shemeki yangu hapa. Mutu wa mashini! Hata Kalunguta hapo njiani hatafika."

"Muniandike," Kavira alisema kabla hajafikiri.

Walimwandika kwa wino. Edmond naye, ili asionekane mwoga, akajiandikisha chini yake.

Sasa, baada ya kilima kile, Kavira aliona aibu kwa usumbufu aliouleta. Bibi mmoja alikuwa amekimbia na gunia dogo la maharagwe kichwani. Kavira akamwomba ambebee mpaka nyumbani. Alilibeba vizuri, alifika vizuri, bibi akamshukuru, "Wasingya, mwanangu", na alipoinama kulitua, kitu kikakaza kiunoni mwake. Hakuweza kunyooka. Alirudi nyumbani amepinda, uso ukitazama ardhi, na kila aliyekutana naye alimsaidia kutafuta kitu alichodhani amekipoteza.

Siku ya tatu, Papa Mashaka alileta kanzu yake ipunguzwe. Huyu alikuwa Mwislamu wa Beni, dereva wa lori kwa miaka thelathini. Lori lake lilichukuliwa na wanajeshi, naye akabaki Butembo akisubiri barabara. Aliingia kibandani akaona mashini haina mtu. Akachungulia chini ya meza, akamwona fundi amelala chali sakafuni.

"Mugongo?" aliuliza.

"Mugongo, papa."

"Ah!" Mzee alifurahi kama aliyekutana na ndugu. "Mi niko naye huyo tangu mwaka wa themanini na moja. Ngoja nikuonyeshe."

Akaikunja kanzu, akalala chini palepale mlangoni, kichwa ndani, miguu nje. Akaiweka miguu juu ya kigoda, magoti yamekunjwa. Akamwamuru Kavira afanye vilevile. Kisha akavuta goti moja mpaka kifuani, akalishika, akahesabu mpaka ishirini, akabadilisha. Mwanamke aliyekuwa anapita na nyanya akaona miguu mlangoni akapiga kelele kwamba fundi na mteja wamekufa.

"Tuko bazima, mama!" Mashaka alimjibu kutoka sakafuni. "Tunahesabu!"

Toka siku hiyo Kavira alikuwa na mwalimu. Mashaka alimkataza kulala kitandani kutwa nzima. "Mugongo ya kulala inakuwa kama lori ya kusimama," alisema, "inashika kutu." Alimtaka atembee, kidogo kidogo, hata kama inauma kidogo. Aliinua kiti chake kwa ubao ili magoti yasipite kiuno. Alimwambia asimame kila anapomaliza mshono mmoja, aende mpaka mlangoni, amsalimie mtu, arudi. Alimfundisha kukaza tumbo, kuinua kiuno kutoka sakafuni, kulala ubavu na mto katikati ya magoti. Na kuchukua mzigo kwa kukunja magoti, si kiuno.

"Na kama maumivu inashuka mpaka ku vidole bya muguu, ao muguu inakufa ganzi," alisema akinyoosha kidole, "usiniulize miye. Wende mbio kwa munganga."

Maumivu hayakushuka. Baada ya wiki tatu Kavira alikuwa akikimbia tena, na mbele yake alitangulia Papa Mashaka kwa baiskeli, akipiga kengele na kupaza sauti: "Hapana vita! Ni sport! Mubaki mu nyumba, ni sport tu!" Kavira alishona neno SPORT kwa herufi nyekundu mgongoni na kifuani mwa shati lake, ili asomwe akija na akienda. Hata hivyo wazee wawili walihama mara mbili.

Mwezi wa nne mgongo ulinyamaza, na miguu ikachukua zamu. Ile siku aliyofika karibu na Kalunguta na kurudi, alivua viatu akakuta malengelenge saba, mengine makubwa kama maharagwe yaliyolowekwa. Akamwita Mashaka. Mzee alitazama, akageuza uso.

"Mi ni mutu wa mugongo," alisema. "Miguu sijui. Miguu yangu ilikuwa kukanyaga pedale tu. Ngoja Faraja akuye."

Faraja alikuwa mtoto wa dada yake Mashaka, msichana mrefu aliyeuza mafuta ya mawese. Tangu magari yapungue, aliyabeba kwa miguu kutoka Mangina mpaka Beni, na mara nyingine mpaka Butembo. Alifika Jumamosi, akaketi mbele ya Kavira, akaichukua miguu yake mapajani, akacheka mpaka machozi.

"Yaya," alimwita kama dada yake mkubwa, "hii ni miguu ao ni sambusa?"

"Usinicheke, dada, nipone kwanza."

"Unatoboaka na nini?"

"Nilikuwa nachuna ngozi na mukono."

"Eeeh! Hapana chuna! Ile ngozi ni nguo ya kidonda."

Akachemsha sindano, akanawa mikono kwa sabuni, akatoboa pembeni, pale ngozi inapoanzia, akakamua maji taratibu kwa kitambaa safi, akaiacha ngozi imelala mahali pake na kuifunika. Yale madogo yasiyouma hakuyagusa. "Ikileta usaha, ikikuwa nyekundu na moto, wende ku dispensaire, kwa munganga. Lakini dawa ya kweli ni isitoke." Akamwonyesha: kukata kucha, kupaka vazelini kati ya vidole na kisiginoni, kufunga kamba ya kiatu ishike kifundo ili mguu usiteleze, kuvua soksi zikilowa na kuvaa kavu.

Kavira alikuwa akisikiliza, lakini macho yake yalikuwa kwenye soksi. Aliigeuza nje ndani. Pale kidoleni palikuwa na mshono mnene kama kamba, na hapohapo ndipo lilipokuwa lengelenge kubwa kuliko yote. Alijisikia kama mtu aliyemkamata mwizi wake.

"Ni mushono!" alipiga kelele. "Faraja, ni mushono! Mi ni fundi na mushono iko naniua!"

Hakulala mchana ule. Alikata fulana kuukuu za pamba, akashona soksi zenye mshono juu, nje, mbali na vidole. Zilikuwa mbaya sana, moja ya kijani na nyingine yenye picha ya chupa ya bia, lakini alipokimbia nazo mpaka mtoni na kurudi, miguu ilitoka laini. Alimkumbatia Faraja, akamzungusha, akamshonea naye jozi tatu. Siku ileile Faraja alikwenda parokiani akajiandikisha.

Siku ya mbio waliondoka watu sitini na watatu, saa kumi na mbili asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala mabondeni. Edmond aliruka mbele na viatu vipya vyeupe alivyovitoa sandukuni asubuhi hiyohiyo. Kavira na Faraja walikwenda polepole, wakitembea kwenye vilima na kukimbia kwenye tambarare, na watu wa vijijini walikuwa wamejipanga barabarani wakiwapa ndizi na maji. Hakuna aliyehama. Akina mama walipiga vigelegele, wakacheza, na wengine wakakimbia nao kidogo na watoto mgongoni.

Baada ya Kalunguta walimkuta Edmond. Alikuwa ameketi kwenye jiwe, viatu vyeupe pembeni, akiitazama miguu yake kama watoto waliomkosea adabu.

"Shemeki," alisema kwa sauti ndogo.

Kavira alichomoa sindano kwenye ukosi wa shati, akaipitisha motoni kwa kibiriti cha muuza sigara, akamfanyia kama Faraja alivyomfundisha, akampaka vazelini. Mwisho akampa jozi ya akiba ya soksi. Ilikuwa na maua.

"Ni ya banawake," Edmond alinong'ona.

"Ni ya batu benye kufika."

Akaivaa.

Kwenye mteremko wa Kabasha, barabara inapoanguka kuelekea joto la Beni, mgongo wa Kavira uliamka. Kushuka kulimpiga kiunoni kwa kila hatua. Palikuwa na kizuizi hapo, wanajeshi wanne na kamba. Kavira hakungoja. Alilala chali barabarani mbele ya kamba, akaweka miguu juu ya ukingo, akavuta goti. Faraja akalala kando yake ili wahesabu pamoja.

"Mama, ozali kosala nini?" mwanajeshi mmoja alimuuliza kwa Kilingala anafanya nini, akiwasogelea kwa wasiwasi.

"Ni mugongo, papa. Inauma, tunaivuta hivi."

Mwanajeshi akashika kiuno chake. Akatazama nyuma, mkubwa wake hayupo karibu. "Na ngai mpe, mokongo," alisema, maana naye aliumwa mgongo. "Kulala mu trou, mu shimo, kila siku." Akaegemeza bunduki kwenye mti, akalala chini karibu nao. Wa pili na wa tatu nao wakaja, na Faraja akawarekebisha magoti. Mkubwa wao alipotokea akitoka kujisaidia, alikuta kizuizi kimelala chote barabarani kikihesabu kwa sauti moja: kumi na saba, kumi na nane, kumi na tisa.

Alipaza sauti, wakaruka juu. Kavira na Faraja wakapita chini ya kamba wakiwa hawawezi kukimbia kwa kicheko, wakashuka Kabasha wakishikana mabega, machozi yakiwatoka. Hata maumivu yalikuwa yamepungua.

Beni ilikuwa joto na vumbi na makelele. Walipoingia mjini watu walikuwa pande zote mbili, ngoma za parokia na dufu za Waislamu zikipigwa kila moja kwa mapigo yake, na mbali waliona kitambaa cha mwisho.

"Yaya," Faraja alisema, "unanipenda?"

"Nakupenda sana."

"Basi unisamehe." Akachomoka kama aliyeona nyoka.

Kavira alipiga ukelele, akamfuata kwa nguvu zote zilizobaki, akicheka na kumtukana, na akashindwa kwa hatua nne. Saa nane kasoro robo, Faraja alikuwa wa kumi na nane, Kavira wa kumi na tisa. Papa Mashaka, aliyetangulia kwa pikipiki, hakujua amshangilie nani, akawashangilia wote mpaka sauti ikakauka. Edmond alifika jioni, wa hamsini na mbili, na maua yake.

Jioni walikuwa Beu, mtaa wa Beni, nyumbani kwa mama yake Faraja, miguu kwenye beseni la maji ya chumvi. Kavira aliutoa mguu wake wa kulia, akaukausha, akaukagua kidole kwa kidole, kisha wa kushoto.

"Moja!" alitangaza. "Kilometa makumi tano na ine, na lengelenge moja! Kadogo! Ona!"

Alimwonyesha mama wa Faraja, akamwonyesha Mashaka, akawaonyesha majirani waliokuja kupongeza. Kila aliyeingia mlangoni aliletewa mguu kabla ya salamu. Mwishowe mama wa Faraja, aliyekuwa amebeba sinia la wali na nyama, alimwomba kwa upole aufunike kidogo, wageni wanataka kula.