Mkate wa Kugeuzwa na Wawili

Mkate ulitoka umeungua upande mmoja na kuvimba upande wa pili. Trifun alipouweka mezani alijikuta akiuomba radhi kwa sauti. "Anđelka angenitimua jikoni," alisema. Na kweli angemtimua. Katika ndoa yao yote Trifun hakuwahi kukanda unga, na huu ulikuwa mwaka wa kwanza tangu amzike mkewe. Alikuwa amepambana na hamira tangu alfajiri, na mpaka sasa nyusi zake zilikuwa zimejaa unga.

Ilikuwa siku ya Mtakatifu Nikola, slava, sikukuu ya mtakatifu wa nyumba yake. Kila ukoo wa Waserbia pale kijijini, ng'ambo hii ya Danubi ambayo ni Romania, ulikuwa na mtakatifu wake, na mtoto wa kiume humrithi kwa baba yake kama anavyorithi shamba. Siku yake ikifika, mwenye nyumba huwasha mshumaa, huweka mezani mkate, divai na ngano ya kuchemsha yenye asali, kisha husimama. Hakai mpaka mgeni wa mwisho aage. Na wageni wa slava hawaalikwi. Hapo Trifun hakutaka mchezo hata kidogo. Ukimwalika mtu umemtukana, umemwambia hajui njia ya kwako. Unaacha lango wazi, na anayekujali anakuja.

Zamani walikuja, jamani! Makoti yalirundikwa kitandani mpaka watoto wakalala juu yake na kusahaulika. Kambare wa Danubi alikuwa mkubwa hivi kwamba Anđelka alimpika kwa mafungu. Radovan, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuja na kodiani yake na kuondoka bila kofia, kila mwaka, na kila mwaka mkewe alirudi asubuhi kuifuata huku akimsema. Trifun alizunguka na chupa ya rakija, pombe kali ya plamu, miguu ikimwaka moto, na hakukuwa na mtu mwenye furaha kumshinda katika bonde zima.

Hata kule nyikani Baragan, walikohamishiwa kwa nguvu, slava haikukatika. Trifun alikuwa mtoto serikali ilipowapakia kwenye mabehewa ya ng'ombe, wao na Wajerumani na Waromania pia, na kuwamwaga kwenye mbigili. Baba yake alichukua kipande cha mkate wa mgao, akawasha utambi ndani ya kibanda cha udongo, akasubiri. Mkate wa slava haugeuzwi na mtu mmoja. Mwenye nyumba hushika huku, mwingine hushika kule, wanauzungusha, wanaubusu, wanaumega. Aliingia Mjerumani mmoja wa kibanda cha jirani, wakaugeuza pamoja. "Nyumba ipo," baba yake alisema. "Siku ukikosa wa kugeuza naye, Trifun, ujue nyumba haipo tena, hata kama kuta zimesimama."

Sasa Trifun alikuwa amesimama peke yake, na mshumaa ulikuwa umefika nusu.

Radovan alishakufa. Wengine walihamia Timișoara, Belgrade, Vienna, wakarudi kwenye majeneza au hawakurudi kabisa. Padri, ambaye alikuwa na vijiji vinne vya kuhudumia, alituma habari kwamba theluji imefunga barabara. Na asubuhi Milenko, mwanawe wa pekee, alikuwa amepiga simu kutoka Austria.

"Baba, ruhusa sikupata. Utanisamehe?"

"Nani kakwambia nakuhitaji? Nyumba imejaa watu hapa."

"Mbona kimya hivyo?"

"Wanakula, mwanangu. Watu wakila samaki wanaongea?"

Alikata simu, akajifuta macho kwa taulo la jikoni.

Upande wa pili wa ukuta, katika nyumba ya Radovan, walikaa Viorica na mumewe Ilarie, Waromania wa kaskazini ya mbali. Walikuwa na miaka saba pale, na hawakukanyaga kwake hata slava moja. Trifun alishawahukumu zamani: watu wa kujisikia. Anđelka alikuwa amemsihi, "Wale ni wageni, Trifun, hawajui. Niwaite tu kwa mdomo." Naye alimjibu, "Thubutu! Katika nyumba hii haitwi mtu." Basi Anđelka alisubiri kesho yake, akawapitishia sahani ya keki juu ya ukuta.

Mshumaa ulipopungua vidole viwili tena, Trifun aliuinua mkate kwa mikono yote miwili. Aliutazama. Kuugeuza mwenyewe ilikuwa rahisi, nani angemwona? Akaurudisha mezani. Alitamani angekufa kabla ya Anđelka, amwachie yeye aibu hii.

Mlango ukagongwa.

"Mzee Trifun!" Alikuwa Viorica, kitambaa kichwani na theluji mabegani. "Lango lako liko wazi, kuku wametoka mpaka barabarani. Nimewarudisha wawili, jogoo kanishinda mbio."

"Lango liko wazi kwa sababu nimeliacha wazi!" Trifun alifoka. "Miaka saba naliacha wazi siku hii! Wewe na mumeo mmelikodolea macho dirishani kama sinema, na kuingia hamuingii. Tumewakosea nini?"

Viorica naye akapandwa na hasira.

"Kutuita ulituita lini? Mimi kila mwaka siku hii naoka, nasubiri. Ilarie anavaa tai toka asubuhi, anakaa karibu na mlango. Nasikia muziki kwako, nasikia watu wanacheka, na hakuna anayekuja kusema, Viorica, karibuni. Nimelia mimi kwenye hiyo nyumba, mzee! Kwetu anayekwenda kwenye karamu bila kuitwa ni mlafi, hana haya."

"Na kwetu anayesubiri kuitwa ana kiburi!"

"Sasa ningejuaje?"

Wakatazamana. Trifun ndiye aliyeanza kucheka, kicheko kibovu chenye machozi ndani, naye Viorica akashika kiuno akacheka hadi theluji ikamdondoka mabegani.

"Mwite mumeo," Trifun alisema, na ilikuwa mara ya kwanza maishani kumwita mtu kwenye slava. "Akimbie, mshumaa unaisha."

Ilarie alifika kabla hawajamaliza kuongeza sahani mezani. Alikuwa amevaa tai. Mkononi alikuwa na jogoo.

"Huyu ni wako au wa Mtakatifu?" aliuliza.

"Mweke chini, shika mkate."

Walisimama mezani, huyu huku na huyu kule. Ilarie aliuzungusha kinyume, Trifun akamsahihisha kwa ukali, wakaanza upya. Waliubusu mkate, upande ulioungua, wakaumega. Kipande kikubwa kilibaki kwa Ilarie, Trifun akasema bahati ya mwaka ni yake, na Ilarie akasema basi ni mwaka wake wa kula makaa.

Ilibaki ngano. Juu ya ngano hutajwa marehemu wa nyumba, jina baada ya jina. Trifun alianza na babu yake, akaja kwa baba yake, mama yake, dada aliyebaki kwenye udongo wa Baragan. Aliyataja haraka, kama mtu anayepita njia aliyoizoea. Kisha akafika mahali ambapo mwaka jana palikuwa mwisho, na mwaka huu palikuwa na jina jipya, na sauti ikakataa. Alijaribu tena. Midomo ilicheza tu. Mikono ilikuwa imeshika bakuli, hakuweza hata kujifunika uso.

"Anđelka," alisema Viorica.

Alilitamka kwa lafudhi yake ya kaskazini, taratibu. Halafu, kwa kuwa hakuna aliyemkataza, aliinamisha kichwa akaongeza jina la mama yake mwenyewe, aliyezikwa mbali huko asikokwenda tena: "Paraschiva."

Trifun alilirudia jina la mama huyo. Alikosea, akalirudia mara ya pili mpaka likakaa sawa, akiwa bado amesimama.