Zoezi la Kuomba Radhi

Mume wangu anajifunza misemo ya Kiingereza kwenye simu, maana bosi wake mpya hajui Kiswahili. Huikariri akinyoa ndevu, povu hadi masikioni, na nyumba nzima tumekuwa wanafunzi bila kuomba nafasi.

Wiki hiyo tulikuwa hatusemezani. Alikuwa amemwambia mama yangu, mbele ya wageni, kwamba mdomo wake hauna breki. Mama akachukua mkoba wake akaondoka. Mimi nikangoja neno moja tu, samahani. Tangu tuoane sijalisikia. Nadhani anaogopa litamvunja meno.

Jumamosi nikamkuta bafuni, amefika somo la kuomba radhi. Kwa Kiingereza alikuwa mnyenyekevu ajabu: amekosa, amevuka mpaka, atajirekebisha. Kioo kilimsamehe papo hapo.

“Hongera, baba watoto,” nikasema mlangoni. “Kumbe unaweza.”

“Aa, hili ni zoezi tu.”

“Vizuri. Zoezi hurudiwa.” Nikampigia mama, nikaweka spika, nikamshikisha mume wangu simu. “Haya, sasa kwa Kiswahili.”

Povu lilikuwa limeanza kumkauka shavuni aliposema, “Mama, samahani.”

Sauti ya mama ikajaa bafuni.

“Rudia, baba,” akasema. “Sijasikia vizuri.”