Kadi ya Mke Mwenza

Mimi sikupoteza hela kwa mchapaji. Nilichukua karata kuukuu za mume wangu Hamdan, nikazitia moja moja kwenye vifuko vya kufungia ubuyu, na mbele ya kila moja nikachomeka kipande cha karatasi nilichoandika kwa penseli. Kadi isiyofaa unachomoa karatasi, unaandika nyingine, basi. Kwa asubuhi moja mchezo mzima ulikuwa tayari kujaribiwa.

Mchezo wenyewe ni wa kuendesha nyumba. Unapanda mwani, unachuma karafuu, unalisha watoto, na kadi za mkosi zinakutia adabu. Kwa utani nikaongeza moja: "Mumeo kaoa. Toa nusu ya chakula chako." Hamdan wangu hushinda Mgogoni wiki nzima kwenye shamba lake la mihogo, na miaka yote ya ndoa nilimwamini kipumbavu, ndiyo maana nikathubutu kufanya mzaha.

Alasiri nikawaita wanijaribie: wifi yangu Mardhiya, dada yake Hamdan, na shoga yangu Yumna. Tukakaa mkekani. Walicheka mpaka nikajiona fundi.

Kadi ile ikamwangukia Mardhiya. Akaisoma kimoyomoyo, na kicheko kikamkauka usoni. Mimi, kichwa maji, nikadhani adhabu ni kali.

"Nusu nyingi? Ntaandika robo."

"Wayafanyia mzaha, wifi yangu?" Akashusha pumzi. "Bora hivyo. Mie n'lidhani Hamdan akikwambia utapasuka."

"Akinambia nini?"

Mardhiya akamtazama Yumna. Yumna akaanza kuzipanga upya kadi zake, ambazo zilikuwa zimepangwa vizuri tu.

"Nakuuliza, Mardhiya. Akinambia nini?"

"Kaoa. Huko huko Mgogoni, tangu mfungo sita, mwezi wa maulidi. Wallahi n'lijua keshakwambia, mana umeandika mwenyewe."

Nikaikumbuka mihogo aliyokuwa akiniletea kila Ijumaa, nami naimenya huku nikimwombea dua aliyeilima. Nikamgeukia Yumna, maana yeye hakuwa ameshtuka hata kidogo.

"Na weye ulijua?"

"Walinita nikapake hina tu, Rahila. Bwana harusi sikumjua mpaka n'lipofika."

"Na ulipomjua?"

Akainamisha kichwa. "Hina ishakorogwa."

Hamdan nitamkabili akirudi. Mardhiya ni ndugu yake, sikutegemea amtose kwa ajili yangu. Lakini Yumna ndiye aliyenipaka hina mimi siku ya harusi yangu, akaniimbia, akalia kwa furaha. Nikamwambia aziache kadi zangu chini, avae baibui lake atoke. Akatoka, na sijawahi kumchukia mtu namna ile, hata Hamdan.