Kikohozi cha Mlezi

Jambo ambalo Mzee Nguzo hakuliona muhula mzima lilikuwa mbele ya pua yake: watoto wa darasa la mwalimu mpya walinyamaza kwa ajili yake yeye, si kwa ajili ya mwalimu wao. Hakuliona kwa sababu kimya kile alikwisha kukipa jina. Alikiita mafanikio.

Jina la Nguzo alijibandika mwenyewe. Katika kikao kimoja alitamka kwamba yeye ndiye nguzo ya shule, na wenzake, ambao hawakuwa na hamu ya kumpinga wala nia ya kumkubali, wakalidaka jina wakaliacha limfuate. Mwalimu mkuu alipomteua kuwa mlezi wa walimu wapya, alianza kutembea barazani mikono nyuma, kama mtu anayekagua shamba la urithi.

Aliyekabidhiwa kumlea alikuwa binti aliyetoka chuoni juzi, mpole wa sauti, aliyepewa darasa la tano, ambalo walimu wenyeji wote walikuwa wamekwisha kulikimbia. Ndiyo iliyokuwa desturi ya shule ile: wenyeji huchagua minofu, mgeni akaachiwa mfupa, kisha akaulizwa mbona hanenepi. Mwisho wa muhula mwalimu mkuu angekaa darasani kwake kipindi kimoja, apendekeze athibitishwe kazini au aondolewe. Nyuma ya kazi hiyo walikuwapo mama yake na wadogo zake, nao hawakuwa na tegemeo jingine.

Ulezi wa Nguzo ulikuwa wa namna moja tu. Hakuwahi kukaa na binti wakaandaa somo, wala kumwuliza ni lipi linalomwelemea. Alipokuwa akipita na kusikia sauti za watoto zimepanda, alisimama mlangoni akakohoa. Kilikuwa kikohozi kikavu, cha mtu asiye na mafua. Watoto waliganda. Naye alimtazama binti kama daktari amtazamavyo mgonjwa aliyepona, akaenda zake bila kuuliza walikuwa wanasoma nini.

"Mzee wangu," binti alimwambia siku moja katika chumba cha walimu, "nakuomba sana, usikohoe tena mlangoni kwangu."

"Binti yangu, usione haya kusaidiwa."

"Sioni haya, mzee. Ila ukishaondoka hawanisikilizi mimi. Wanasubiri urudi."

"Basi nitakuwa narudi!" Nguzo alijibu kwa ukarimu mkubwa.

Mwalimu wa sayansi, aliyekuwa amezama katika rundo la madaftari ya kusahihisha, hakuinua hata kichwa. "Mwache mzee wa watu akohoe, dada. Ndilo somo pekee analolifundisha mwaka huu."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Nguzo naye alicheka, tena kwa sauti kuliko wote, akidhani anayechekwa ni mwalimu mpya.

Siku ya kupimwa ilipowadia, mwalimu mkuu aliingia darasa la tano akaketi dawati la nyuma. Nguzo hakualikwa. Hata hivyo alijisogeza barazani, akajibanza kando ya dirisha lililokuwa wazi, kwa kuwa, alivyojiambia, mlezi hamwachi mwanawe vitani. Ukweli ni kwamba alihofia jina lake. Binti akianguka, watu wangesema nguzo imeoza.

Mle ndani watoto walikuwa wamepewa karatasi na mikasi, wakate nusu, robo na thuluthi, kila kundi liwaonyeshe wenzao vipande vipi vikiunganishwa hulingana. Wakaanza kubishana. Sauti zikapanda, zikagongana, dawati likaburuzwa. Nguzo aliyekuwa nje hakusikia hesabu. Alisikia kelele. Jasho likamtoka, koo likamwasha kwa wajibu, akakohoa.

Darasa lilikufa. Mikono ilirudi juu ya madawati, na msichana mmoja aliyekuwa amesimama akieleza akafunga kinywa katikati ya sentensi.

"Endelea, mwanangu," mwalimu mkuu alimwambia.

Msichana akatazama dirishani. "Hatuwezi, mwalimu. Mzee Nguzo yuko nje."

"Kwani akiwa nje kuna nini?"

"Akikohoa huwa tunakufa," mtoto alieleza kwa adabu. "Akienda tunafufuka."

Binti alikwenda dirishani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Nimekutulizia kelele."

"Haikuwa kelele. Lilikuwa somo, na leo ndiyo siku yangu. Ama uingie ukae, ama uende."

Nguzo alimtazama mwalimu mkuu, akitaraji huyu atamkemea binti kwa utovu wa adabu. Mwalimu mkuu akamwonyesha nafasi kwenye dawati. "Ingia, mzee. Ukae kimya, kama sisi wengine."

Akaingia. Dawati lilikuwa la watoto, magoti yakamfika karibu na kidevu. Somo halikufufuka mara moja. Binti alipita kundi kwa kundi, akiuliza kwa sauti ya chini, akingoja majibu bila pupa, mpaka ubishi ukaanza kuchemka upya.

"Robo mbili ni nusu!" mvulana aliyekaa mbele ya Nguzo alifoka.

"Ni nusu, lakini si hizi zako," jirani yake akamjibu. "Robo yako hii ina kitambi."

"Kitambi chako wewe!"

"Haya, ipime juu ya yangu basi, uone."

Wakapima. Kitambi kilikuwapo. Wakakata upya, bila kuambiwa na mtu. Nguzo alitazama, na kwa mara ya kwanza muhula ule akajua kilichokuwa kikiendelea ndani ya chumba alichokuwa akikinyamazisha.

Hilo halikumzuia, mchana ule, kuwatangazia wenzake: "Mnaona matunda? Nimemlea mwenyewe."

"Hukumlea, ulimlalia," mwalimu wa sayansi akamjibu. "Ni bahati tu hakupondeka."

Safari hii Nguzo hakucheka.

Binti alithibitishwa kazini. Tangu muhula uliofuata, kwa agizo la mwalimu mkuu, mlezi haendi kwenye darasa la mwalimu mpya mpaka aitwe. Akiitwa, huketi nyuma tangu mwanzo wa kipindi, na wakitoka, mwalimu mpya ndiye anayeanza kusema.