Jicho Namba Arobaini na Moja

Mimi sikosei kupima. Nalisema mapema ili anayetaka kununa anune sasa, tuendelee. Kwa miaka kumi na miwili nimefanya kazi katika maabara ya hospitali ya macho, chumba chenye dirisha moja na friji tatu, nikipima majimaji yanayotolewa ndani ya jicho la mtu. Kiasi chenyewe hakifiki hata tone zima, ndiyo maana wenzangu wakanibandika jina la Bi Tone. Nimeshalizoea.

Mwaka huo tulikuwa na utafiti wa wazee ambao kitovu cha retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, kinachakaa kwa sababu ya umri. Kitovu hicho ndicho tunachosomea na ndicho tunachotambulia sura ya mtu. Kikiharibika, mtu huona pembeni vizuri tu, lakini katikati, pale hasa anapotaka kutazama, panakuwa na kiwingu. Wagonjwa wetu walichomwa sindano ya dawa ndani ya jicho kila mwezi, na kabla ya kuchoma, Daktari alinyonya yale majimaji kidogo akaniletea. Kazi yangu ilikuwa kutafuta protini ambazo mwili huzimwaga pale jicho linapovimba na kuwaka ndani kwa ndani, bila hata kuuma. Naweka majimaji kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo tisini na sita, natia dawa, nasubiri. Kishimo kikikolea njano, protini ni nyingi. Kikibaki cheupe, mambo shwari.

Majina sikupewa, nilipewa namba tu. Na namba arobaini na moja ilinikosesha raha. Mwezi wa kwanza kishimo chake kilikuwa njano kali. Mwezi wa pili kikapauka, nikafurahi kimyakimya. Mwezi wa tatu kikarudi njano kama kiini cha yai. Nilirudia kipimo, kisha nikarudia tena kwa sahani mpya. Njano ileile.

Jumatatu kwenye kikao Daktari alifungua makaratasi yake akiwa na uso wa mtu aliyelala vizuri. "Namba arobaini na moja amesoma ubao wa herufi mpaka mstari wa sita," alisema. "Mwezi uliopita alifika wa tano. Huyu tunampumzisha sindano miezi minne."

"Daktari, jicho hilo linawaka," nikasema.

"Sampuli yako ilikaa nje ya friji, Bi Tone. Ifute."

"Nimepima mara tatu."

"Basi umekosea mara tatu."

Chumba kizima kikacheka. Na mimi nikacheka, ila meno tu. Daktari si mjinga, mikono yake ni mizuri kuliko ya yeyote pale, lakini mashine ya kupiga picha ya retina ilikuwa kwa mafundi wiki ya tatu sasa, na bila picha alibaki kuutegemea ubao. Najua vilevile kwamba protini peke yake haziamui tiba. Lakini zinauliza swali, na swali lilikuwa hili: jicho linawaka namna ile, linasomaje herufi ndogo kiasi kile? Miezi minne bila dawa ingetosha kulimaliza.

Kesho yake ilikuwa siku ya kliniki ya mwezi mpya. Asubuhi nilivua koti langu jeupe nikaenda kukaa kwenye benchi nje ya chumba cha ubao, kama mgonjwa yeyote. Chumba chenyewe kimetengwa kwa mbao nyembamba zisizofika darini. Wagonjwa waliingia mmojammoja na kusoma kwa sauti, na nesi akawa anawahimiza, "Vizuri, endelea, mstari unaofuata." Alipotoka wa tano nilishtuka: na mimi nilikuwa nimeshaikariri mistari mitatu ya kwanza. Ubao ulikuwa mmoja tu, umetundikwa palepale tangu utafiti uanze, na kila mgonjwa alikuwa anamfundisha anayefuata.

Ndipo nikatupa jicho mwisho wa benchi. Mama mmoja alikuwa ameegemeza kichwa kwenye zile mbao, macho ameyafumba, midomo inacheza. Mkononi ameshika kadi yenye namba arobaini na moja. Alikuwa shangazi yangu.

Shangazi ni dada wa baba, na ni fundi cherehani. Jicho la kulia lilikufa kwa ugonjwa akiwa msichana, amebaki na la kushoto. Mimi mwenyewe ndiye niliyemsukuma aje kliniki, ila namba yake sikuijua, na kila nilipomuuliza hali alijibu, "Niko fiti." Sasa, huyu mama hajawahi kuandika kipimo cha mteja. Kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono, vyote anavitia kichwani, na miaka kumi baadaye anaweza kukuambia mbele za watu umeongezeka inchi ngapi na wapi. Mtu wa kichwa hicho, mistari sita ya herufi kwake ni kitu gani?

Nikamsogelea. "Shangazi, unafanya nini?"

"Nasubiri zamu yangu, mama."

"Na hiyo midomo, inasubiri nini?"

"Naomba dua. Hata kuomba dua siku hizi kunahitaji kibali cha maabara?"

Ningeweza kumvuta pembeni tukayamaliza kifamilia, lakini nilimjua: angecheka, angenibembeleza, na mwezi ujao angeusoma tena ubao ule. Niliingia ndani nikamwambia nesi atoe ubao mwingine.

"Zipo mbili kabatini," akasema. "Hakuna aliyewahi kuniambia nibadilishe."

Tukatundika mmoja. Nikamfuata Daktari ofisini nikamwomba dakika tano. Alikuja akiangalia saa njia nzima, akasimama nyuma ya mlango.

Shangazi aliitwa. Akaketi, akatandaza gauni magotini, akainua kidevu na kuanza. Alisoma vizuri ajabu, bila kusita, sauti imenyooka, herufi baada ya herufi, mpaka mwisho wa mstari wa sita. Hakuna hata herufi tatu zilizolingana na zilizokuwa ukutani. Nesi aliacha kuandika kwenye mstari wa kwanza.

"Haya," Shangazi akasema, "leo napumzishwa, au siyo? Nilisikia anayefika wa sita anapumzishwa."

Nikachuchumaa mbele yake. "Shangazi, ubao umebadilishwa. Herufi hizo hazipo."

Mikono yake ililikunja gauni, ikalikunjua. Nilidhani atanifokea. Badala yake akanigusa shavu, akipapasa kidogo kabla ya kulipata.

"Katikati pamejaa moshi," alisema polepole. "Wewe hapo nayaona masikio. Uso sina. Wiki ya pili sasa uzi natungiwa na wateja, nawaambia miwani imevunjika."

"Kwa nini hukusema?"

"Ile sindano naiogopa, mwanangu. Naiona inavyokuja. Jicho lote lina giza, lakini sindano naiona!" Akacheka. "Nikasema nikisoma vizuri wataniacha."

Nilikuwa na hasira naye, na huruma, na hasira tena, vyote kwa mpigo, na machozi yakanitoka mbele ya Daktari, jambo ambalo nilikuwa nimeapa halitatokea. "Jicho unalo moja!" nikamwambia. "Ukilipoteza hili, utanidanganya kwa lipi?"

Daktari akatoka nyuma ya mlango. Hakuwa anaangalia saa tena. "Bi Tone," alisema, na akasema kwa sauti ya kusikika mpaka benchini, "sampuli yako ilikuwa nzima. Kosa ni langu."

"Najua," nikajibu. Nitajifanya mnyenyekevu siku nyingine.

Shangazi alichomwa palepale. Nilimshika mkono, na muda wote alinitukana kwa mpangilio mzuri, akianzia kwa baba yangu. Mwezi uliofuata alichomwa tena, na mwingine tena. Mbao za herufi zikawa zinabadilishwa kila siku ya kliniki, na wagonjwa wengine watatu tuliodhani wanapona wakarudishwa kwenye dawa. Kishimo cha arobaini na moja kilipauka, kikapauka zaidi. Sikumwambia mtu. Nilisubiri jicho liseme lenyewe.

Mwezi wa nne tangu siku ile nilisimama karibu na ubao, ubao mpya ulioagizwa, ambao yeye hajawahi kuusikia. Shangazi alisoma mstari wa kwanza. Wa pili. Wa tatu aliuendea taratibu, akisogeza kichwa. Wa nne alikwama, akarudi, akaumaliza, na herufi zote zilikuwa sahihi. Nesi alikuwa ameshika kalamu hewani.

"Wa tano?"

Shangazi alikaza jicho kwa muda mrefu. Nilimwona anatamani kubahatisha.

"Wa tano sioni," alisema. "Andika hivyohivyo. Sioni. Na mniitie huyo daktari na sindano yake kabla sijaghairi."