Mtu wa Kutaja

Shule yetu ya kwanza tuliijenga wenyewe, kwa miti, udongo na mbuzi tuliouza, na mwalimu wetu Runji akafundisha humo mpaka serikali ilipoichoma. Yeye akapelekwa kizuizini Manyani. Sisi tukaswagwa kwenye kijiji kipya, kilichozungukwa na handaki la vijiti vilivyochongwa, tulilochimba kwa mikono yetu. Miaka miwili watoto wetu hawakugusa kitabu.

Ndipo wakaja akina mama wa hisani kutoka Nairobi. Walileta mabati, vibao vya kuandikia, unga wa uji na magauni ya buluu. Sitasema uongo, magauni yalikuwa mazuri. Lakini mtoto hakuandikishwa mpaka mama yake aungame kiapo cha Mau Mau na kumtaja aliyemlisha. Ukisema hukula, wewe ni mkaidi, na mwanao abaki nje akinusa uji wa wenzake.

Wengi wetu hatukuwa tumekula kiapo chochote. Tulichohitaji ni mtu wa kutaja.

Habari zilikuwa zimefika kwamba Runji amekufa Manyani kwa homa ya matumbo, na mkewe Teresia alikwisha kunyoa nywele za msiba. Basi mwanamke wa kwanza akamtaja Runji, maana maiti hapigwi. Wa pili akamtaja. Nami nikamtaja bila haya, nikaongeza mbuzi mweusi ili hadithi ikolee. Mkalimani Njue aliandika yote.

Tulikuwa thelathini na saba, na Teresia ndiye wa mwisho. Alikataa wiki nzima. Tukamwendea mtoni, tukamwambia marehemu hana mbavu za kuvunjwa, ila binti yake Mukami ameanza kusahau kusoma. Aliungama Jumatatu. Jumanne Mukami akavaa gauni.

Mwezi haukuisha, lori likamshusha Runji uwanjani pa shule, amekonda, yu hai. Aliyekufa alikuwa Runji mwingine, mtu wa Chuka. Wala huyu wetu hakuwa ameachiliwa. Aliletwa kwa sababu ya vinywa vyetu, na kulisha kiapo siku hizo kulikuwa kosa la kitanzi.

Watoto walikuwa wamepangwa mstari, kwa kuwa memsabu wa hisani alikuja kuwatazama. Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, akamwita Teresia mbele. Njue alifasiri polepole ili sote tusikie: akimkana mtu huyu, maungamo yetu yote ni uongo, na watoto wote watavua magauni papo hapo.

Nilimchukia Njue. Hata hivyo nilisali moyoni Teresia aseme ndiyo. Hiyo ndiyo sala niliyosali, na Mungu aliisikia.

Teresia alimtazama Mukami, hakumtazama mumewe.

"Ni yeye," akasema. "Alinilisha jikoni mwangu."

Runji hakubisha. Alimwuliza tu binti yake yuko darasa la ngapi.

"La pili, baba."

Memsabu, ambaye hakuelewa hata neno moja, alimpigia mtoto makofi kwa kujibu vizuri.

Walimnyonga kabla ya mvua za vuli. Shule haikufungwa hata siku moja.