Diski ya Pili

Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni. Asubuhi ilikuwa na manyunyu na baridi ya kupenya mifupa. Mama mshonaji alisali, kisha akamwita mdogo wake, fundi redio, wapange bei ya seva ya nyumbani, yaani kompyuta ya kuhifadhia rekodi zisipotee. Bintiye alifariki mwaka uliopita, na simu yake iliharibika. Sauti yake ilibaki kwenye diski moja kuukuu, inayokoroma kama mzee mwenye pumu.

"Dada, kompyuta iliyotumika inatosha," fundi alisema. "Seva si bibi harusi."

"Na betri, umeme ukikatika?"

"Hiyo lazima. Kazi ipo kwenye diski mbili mpya. Mfuko unasemaje?"

"Unasema moja."

Fundi alikuna kidevu. "Basi ya pili iwe ile ya zamani. Tutazifanya pacha, kilichomo humu kiwemo na humu."

Wifi, mke wa fundi, aliuliza kama isingefaa kwanza kuinakili sauti hiyo pembeni.

"Wewe nawe! Umekuwa fundi lini?" mumewe alicheka. Mama mshonaji naye akacheka.

Adhuhuri mashine iliwaka juu ya meza ya cherehani. Skrini iliuliza kama fundi ana hakika. Alibonyeza ndiyo, akidhani diski iliyojaa itaijaza ile tupu. Kumbe, ili ziwe pacha, zote mbili zilifutwa kwanza.

Hadi alasiri walijaribu programu za kufufua mafaili. Kilipatikana kipande kimoja tu: "Mama, ume—" kisha mkwaruzo. Walikirudia mara saba. Hakikuongezeka hata herufi.

Fundi aliketi sakafuni, kati ya vipande vya kitambaa. "Dada, nimemuua mara ya pili."

Maneno makali yalimpanda mama mshonaji mpaka kooni. Alifumba macho, akamwomba Mungu amsaidie kuyameza. Jirani aliyefuata gauni lake alikuwa amesimama mlangoni, hajui aingie au arudi.

"Ingia, mama. Wifi, nawe sogea." Machozi yalikuwa yakimchuruzika mama mshonaji hadi shingoni. "Mfuko ulikuwa wangu, na mimi ndiye niliyesema moja. Naahidi mbele ya Mungu na mbele yenu: sitamlaumu ndugu yangu kwa jambo hili, si leo, wala siku nitakayoamka na hasira. Nikithubutu, nizibeni mdomo."